Vitufe Sita vya Baba

Neno la kwanza kutoka kwa baba yangu baada ya miezi mitatu ya ukimya lilikuwa "hapana", na lilitoka kwa sauti ya mdogo wake.

Msidhani natia chumvi. Naitwa Libérate, naishi Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na haya yamenikuta mwenyewe.

Baba, mzee Muhirwa, alipigwa na kiharusi akipalilia mtama nyuma ya nyumba. Ulimi ukafa, mkono wa kulia ukafa. Shule hakuwahi kuingia, kwa hiyo kuandika nako hakuna. Akabaki na mkono wa kushoto. Mtama ulipotoa masuke, akawa anakaa mlangoni ananyoosha kidole shambani kutwa nzima.

Mimi kuandika programu nilijifunza kwenye shirika moja la hapa kambini. Lilipofunga virago, nikaachiwa kompyuta kuukuu na boksi la sidii za programu. Zile sidii nilimpa baba, enzi hizo bado mzima. Nikamwambia ni takataka, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, azitundike shambani zifukuze ndege. Alizipenda sana, maana zinametameta.

Alipougua, nikaapa nitamtengenezea sauti. Vitufe sita vya kibodi, kila kimoja nimekibandika picha yake: maji, chakula, choo, maumivu, ndiyo, hapana. Akibonyeza, kompyuta inasema. Baba mdogo Kabera ndiye aliyerekodi maneno, kwa kuwa sauti zao zinafanana.

Ikabaki laibrari ya sauti. Hiyo ni kazi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, unaiunganisha na programu yako ili usianze kila kitu mwenyewe. Nikapanda gari na fleshi yangu mpaka Mbarara, kwa Kasim mwenye duka la kompyuta. Akanipakulia toleo jipya kabisa. Nikarudi Rubondo roho kwatu.

Ikakataa.

Shida ilikuwa kompaila, ile programu inayogeuza nilichoandika kiwe kitu mashine inakielewa. Yangu ilikuwa ya zamani, na laibrari imeandikwa kwa mtindo ambao haijawahi kuuona. Makosa mia mbili na kumi na nne, kioo kizima. Nikarudi Mbarara kuchukua kompaila mpya. Mashine ikazidiwa, ikajizima. Nikarudi mara ya tatu, safari hii natafuta laibrari ya umri mmoja na kompaila yangu.

Kasim alihangaika mpaka adhana ya adhuhuri ikamkuta kwenye kiti.

"Nyabo, dada, ile ya zamani walishaondoa kwa mtandao," akaniambia. "Hii kompyuta yako mzee sana. Wewe tafuta ingine."

Ingine niitoe wapi? Nilifika nyumbani nikakaa mbele ya ile mashine, nikalia. Sikuwa tena na la kufanya. Baba akanitazama, kisha akanyoosha kidole shambani.

Nikamfokea. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilimfokea baba yangu mgonjwa, nikamwambia aniache na shamba lake.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Libérate, enda uangalie basi. Mutu gani anaonyesha fasi moja siku mingi hivi bila sababu?"

Nikaenda kwa hasira. Kamba zilikuwa zimekatika na sidii zimelala chini, zimejaa udongo. Nikaanza kuziokota. Ya tatu ilikuwa na maandishi yaliyofifia. Jina la laibrari ileile, toleo la mwaka uleule wa kompaila yangu.

Nilikimbia nayo ndani miguu haigusi chini. Mashine ikaisoma kwa tabu, inakwaruza, inasimama, inaendelea. Kompaila ikamaliza kazi bila kosa hata moja.

Nikamwekea baba kibodi mapajani, machozi yananitoka. "Papa, ni hii sidii ulikuwa unanionyesha siku zote?"

Akatafuta kitufe polepole.

"Hapana."

Nikacheka, nikajua kakosea. Nikarudia swali. Hapana. Anataka maji? Hapana. Choo? Hapana. Anaumwa? Hapana. Mwishowe akaiacha kibodi yangu, akainua kidole kuelekea shambani.

Safari hii nilikifuata kidole mpaka mwisho wake. Ndege walikuwa wamejaa juu ya mtama, wanakula kwa raha zao. Masuke mengi yalikuwa makapi tayari. Wiki tatu nzima baba alikuwa anatuambia hilo tu, tufunge kamba.

Jamani, ukitaka kumpa mtu sauti, muulize kwanza anataka kusema nini. Mimi yale maneno sita niliyachagua peke yangu, na lake halikuwemo.

Sasa kipo kitufe cha saba, kinasema "ndege". Kilikuja mtama ukiwa umeshaisha. Baba hukibonyeza hata hivyo kila asubuhi, na mimi nainuka naenda shambani.