Askofu Aliyeshindwa Kura

Alizaliwa wakati wa mvua kubwa, kitindamimba wa fundi viatu na mkunga, na tangu utotoni hakukubali kushindwa hata kwenye mchezo wa kete. Ndugu zake wakambandika jina la Kichwangumu. Alikuwa mwalimu wa hesabu alipopata wito. Akasomea uchungaji, akawekwa wakfu kuwa shemasi, kisha kasisi, na nywele zilipoanza kuingia mvi sinodi, baraza kuu la dayosisi, ikamchagua kuwa askofu.

Dayosisi ilikuwa kubwa mno. Kule mwisho vijana walimngoja askofu awape kipaimara mpaka wakaota ndevu. Askofu akapeleka hoja igawanywe sehemu mbili. Kwa katiba ya kanisa lile, jambo la namna hiyo halipiti pasipo kukubaliwa na askofu, na nyumba mbili za sinodi, ya makasisi na ya walei, yaani waumini wasio na daraja, kila upande kwa kura yake. Makasisi walikubali. Walei wakakataa.

Arkidikoni, msaidizi wake, akamnong'oneza, “Baba, tuitishe kikao kingine wakati wa masika, barabara zikiharibika. Wa mbali waliotupinga hawatafika, hoja itapita kama maji.”

Askofu akasimama. “Roho Mtakatifu hakai nyumba moja tu humu. Walei wamesema. Nimeshindwa.”

Juma lililofuata alimwendea muuguzi mjane aliyeongoza wapinzani, akamkuta kule mwisho wa dayosisi, nyuma ya zahanati, akianika mashuka.

“Mama, nionyeshe nisichokiona.”

“Baba Askofu, makasisi karibu wote wako mjini. Ukitukata leo, tutabaki na askofu mpya na altare tupu. Ninyi mtakuwa mmetua mzigo.”

“Hilo sikuliona.”

“Basi keti, chai ipo.”

Akahamishia huko makasisi kadhaa, naye akahamia, akiishi chumba kimoja ubavuni mwa zahanati, akibatiza na kufundisha kwa furaha ambayo wengi hawakuwahi kuiona kwake. Baada ya miaka michache walei wenyewe walileta hoja ile ile, muuguzi akaisoma, na nyumba zote zikaikubali. Askofu alipoulizwa ataongoza dayosisi ipi, alichagua iliyo maskini.

Alifariki kwa amani Jumapili ya Matawi, akiwa mzee wa kuchekacheka. Waumini husimulia kuwa ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba walipatana kaburini pake, na kwamba bibi mmoja kiziwi aliisikia kengele ya maziko yake. Nasi tunaoketi katika mabaraza ya kanisa tumwige: tutetee hoja kwa nguvu, tuhesabu kura kwa haki, na tukishindwa tusinune, bali twende tukabishe hodi kwa aliyetushinda.