Mbuzi Aliyepata Cheti

Walioninyang'anya sinema ni wawili. Sitaandika majina, lakini nitawaonyesha: mke wa mjomba wangu, aliyenilea kwa kunipa kazi, na mtoto wake wa kiume, binamu yangu, tuliyelingana naye umri mpaka saizi ya viatu. Hivyo viatu alivaa yeye kwanza.

Tulikaa mtaa wa Mbotela, jijini, kwenye nyumba za kaunsili, katikati ya miaka ya themanini. Mjomba alikuwa mtu wa reli. Nilikuwa nimeletwa kutoka Ukambani baada ya darasa la saba, nikaambiwa nitatafutiwa shule. Mpaka leo inatafutwa. Binamu alikuwa sekondari ya bweni, na akija likizo alikaangiwa mayai. Niliyekaanga ni mimi.

Lakini mferejini nilikuwa mkubwa. Jioni watu walipanga madebe kungoja maji, na vijana tulikaa kwenye ukingo wa simiti. Aliyeona sinema aliwasimulia wasioiona. Kukosa kuona hakukuwa aibu, aibu ilikuwa kusimulia vibaya. Ngumi ilitoka mdomoni, farasi alikimbia kwenye mapaja, na mkubwa wa sinema tulimwita akta, ambaye hafi hata apigwe mzinga. Kuna waliokuwa wameiona sinema yenyewe mjini kwa macho yao, na bado walikuja kuisikia kwangu. Nikifika, mtu alisogea. Kwa mjomba nililala jikoni, lakini ule ukingo ulikuwa na pahali pangu.

Sinema nilizitoa wapi? Jirani wetu, dereva wa kampuni, alikuwa amepata mashine ya video, na Jumamosi baada ya chakula aliwawekea watoto wake kanda. Binamu aliitwa ndani, akakalia kiti chenye kitambaa cha kushonwa. Mimi nililinda nguo. Pale Mbotela nguo haikuanikwa ikaachwa, ukigeuka shati limeenda kutembea. Kamba yetu ilipita mbele ya dirisha la jirani. "Wewe keti hapo na nguo," mke wa mjomba aliniambia, "sinema si unaisikia." Basi nilisikia, na pazia likisukumwa na upepo niliona.

Siku hiyo ninayoisema hapakuwa na ngumi wala farasi. Ilikuwa ni shule. Vijana wa Kizungu, rika langu, wameshiba, na hakuna mwalimu mwenye kiboko. Kijana mmoja anashuka kwa kamba kutoka ghorofani, amtoroke mwalimu mkuu. Katikati ya ukuta anasikia joto. Anavua koti, anatafuta pa kulitundika, na juu yake kinaning'inia kile chombo cha kunasia sauti, ambacho watu wa sinema hukificha usikione. Akalitundika hapo. Kisha akageuka, akaniangalia. Si mimi, najua, lakini waliokaa vitini walikuwa chini ya macho yake, na mimi nilikuwa dirishani sawa naye. Akasema kitu cha Kizungu. Sikukielewa, ila uso ulisema: hata mimi najua huu ni upuzi.

Nilicheka nikakaa chini kwenye matope ya sabuni. Nilikuwa nimezoea akta anayejiamini, anayekunja uso kama mtu wa kanisa. Hawa walijua wanacheza. Walianguka kutoka paani wakajipangusa vumbi, na hakuna aliyeulizwa karo. Nikawaonea wivu hapo hapo, kicheko bado kiko mdomoni. Mtu lazima awe na shule nyingi sana ndipo aweze kuichezea.

Halafu mbuzi akaingia akala karatasi za mtihani. Siku ya kufunga shule akavalishwa joho, akapewa cheti, akatoa hotuba. Huko ndani nilimsikia binamu akicheka, kicheko cha mtu aliyekaa vizuri. Mimi nilimwonea wivu yule mbuzi. Sisemi hivi ili mcheke.

Jioni nilianza kusimulia, nikaanzia kwa mbuzi na mlio wake, na mambo yalienda vizuri mpaka nikafika kwenye koti. Wakakataa. Akta anawezaje kujua yuko ndani ya sinema? Fundi mmoja wa baiskeli akasema jua la kamba ya nguo limenipiga. Nikamgeukia binamu, aliyekuwa amesimama karibu na wasichana wa madebe.

"Si wewe uliiona? Waambie."

Aliwaangalia wasichana kwanza.

"Huyu hakuwa ndani," akasema. "Alikuwa analinda chupi za mama."

Walipomaliza kucheka nikamuuliza, na koti je?

"Hakuna kitu kama hicho."

Akakaa pahali pangu akaisimulia yeye, kwa Kizungu cha puani, bila koti, bila mbuzi, akaifanya kuwa hadithi ya mapenzi. Na walimsikiliza. Tangu siku hiyo kila nikifungua mdomo kuna aliyeuliza, "Zimekauka?" Nikaacha. Nilianza kuchota maji asubuhi, wakati hakuna watu.

Mimi nilikuwa na sababu za wivu, hata Mungu anazijua. Yeye alikuwa na mayai, viatu na shule. Akataka na simiti.

Waliokaa ule ukingo wameisha, wengine kwa risasi, wengine kwa pombe ya chang'aa. Watoto wa dereva walihamishwa, hatujui waliko. Tuliobaki ni sisi wawili.

Mwaka jana tulimzika mke wa mjomba. Kwenye matanga nilikuwa nagawa chai nikasikia, hema la pili, binamu akiwasimulia vijana. Kamba. Koti. Mbuzi wa joho. Na ule mlio wa mbuzi ulikuwa wangu, ule unaoanzia puani ukavunjika katikati. Alikuwa ameuweka miaka yote hiyo.

Vijana walicheka, lakini binti yake alitafuta kwenye simu, hakupata kitu. "Dadi, hiyo umetunga," akamwambia. Binamu akaapa. Wakazidi kumcheka, sasa yeye, si mbuzi. Akazungusha macho mpaka akanipata.

"Muulizeni anko wenu huyu. Tuliiona pamoja."

Wote waligeuka. Tangu mferejini sijawahi kugeukiwa na nyuso nyingi hivyo. Na nilikuwa nayo yote, hata aliyoyasahau, kwamba mbuzi alivaa miwani ya mwalimu mkuu.

"Mimi sikuwa ndani," nikasema. "Nilikuwa nalinda chupi za marehemu."

Hakuna aliyecheka. Binti akaweka simu mfukoni, akainuka, na wenzake wakamfuata. Binamu akabaki peke yake na kikombe.

Nikabeba birika nikaenda hema lingine. Mlio wa mbuzi ulikuwa umenijaa kooni. Nikaumeza.