Ngozi ya Bibi wa Ghalani

Hifni alikuwa mlinzi wa ghala la maiti wa kale, ng'ambo ya magharibi ya Luksor, na utajiri wake wote ulikuwa jina lake safi. Wataalamu wangapi walimbembeleza awakatie japo kipande cha ngozi? Wapi! Kila asubuhi aliingia akamsalimu mwanamke aliyelazwa karibu na mlango: "Umeamkaje, bibi?" Kwake yeye maiti ni maiti, awe wa jana au wa enzi za mafarao.

Basi akaja Intisari, binti wa marehemu kaka yake, ambaye Hifni mwenyewe alimsomesha mpaka akawa mchunguzi wa ngozi za kale.

"Ami, nataka kigamba tu cha ngozi ya bibi huyu, kama ukucha. Kimeshabanduka chenyewe."

"Na hutamgusa tena?"

"Naapa kwa kaburi la baba."

Hifni akalegea. Akapelekwa hata maabara akaone. Kigamba kililainishwa kwenye maji ya magadi, kikakatwa nyembamba mno, kikatiwa rangi. Alipoinamia hadubini akaona vitundu vya jasho, na mzee wa watu machozi yakamtoka.

"Kumbe naye alitoka jasho kama sisi," akasema.

Alijivunia mtoto yule hadi akawachosha wenzake mkahawani. Ndiyo maana alipokwenda mazikoni Esna alimwachia ufunguo. Mtu akimwachia mwanawe ufunguo ana kosa gani?

Aliporudi, sanda ya bibi ilikuwa imefungwa ovyo. Akamgeuza. Mgongoni palikuwa pamechunwa, upana wa kiganja.

Wakaguzi walipokuja, Intisari alisimama na koti lake jeupe, akasema bila kupepesa macho, "Mimi sijui. Ufunguo anao mlinzi."

Hifni alimtazama, damu yake ile. Wakamuuliza siku hizo ufunguo ulikuwa kwa nani.

"Kwangu," akajibu. Wakamfukuza kazi hapo hapo.

Nyumbani mkewe, Nafusa, alimjia juu. "Umenyamaza kwa nini, mwanamume wewe?"

"Ningesema nini? Kwamba nyumba yetu inachuna maiti? Heri waniite mwizi."

Siku ya Idi Intisari akabisha hodi na sinia la keki ya basbusa. "Ami, nimekuja kukupa mkono wa Idi."

Hifni hakuinuka. "Nafusa, mwambie ami yake amekufa," akasema kwa sauti ya kusikika mlangoni. "Na akae mbali mpaka mnizike. Ngozi yangu simpi."