Kiroba cha Maharage Kwenye Mteremko wa Kitahana

Niliondoka Kasulu kwenda kuiacha baiskeli yangu Kibondo. Niseme hivyo mapema, maana wengi mlioniona nikipita kiangazi kile cha mwaka 2013 mlidhani niko kwenye matembezi tu. Mimi ni fundi cherehani, na baiskeli ile ya gia niliinunua kwa ajili ya raha yangu: Jumapili mchana, vilimani, upepo usoni. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilianguka kwenye mteremko wa Kitahana nikavunjika mtulinga. Mfupa ulipona, woga ukabaki. Tangu siku hiyo kila mteremko niliushuka kwa miguu, baiskeli nimeishika usukani.

Mume wangu Edmundi alinicheka mpaka akachoka. "Mama Neema, hiyo si baiskeli tena, ni mbuzi unayempeleka malishoni."

Mzee Hamisi, mwenye duka Kibondo, alikuwa na cherehani ya ziada na baiskeli yangu aliitamani. Tukakubaliana tubadilishane. Ila moyoni niliweka sharti langu: nikiushuka mteremko wa Kitahana nimekaa kwenye tandiko, siitoi ng'o.

Asubuhi nilishika njia ya Makere. Vumbi jekundu, mihogo imeanikwa kando ya barabara, jua bado la upole. Kupanda vilima sikuwa na shida hata kidogo. Nilishusha gia nikapanda polepole huku naimba. Huku kwetu baiskeli ni ya ndizi, ya mkaa, au ya kumpeleka mgonjwa zahanati, kwa hiyo kila niliyepishana naye aliuliza lile lile.

"Mwakeye, mama! Unapeleka nini?"

"Sipeleki kitu. Natembea."

"Karia tupu? Haya bwana, safari njema!"

Kwenye miteremko nilishuka, nikakokota. Wabeba ndizi walinipita wakipiga kengele, na mimi nikajifanya natazama mashamba ya watu.

Jioni nilifika Nyakitonto kwa wifi yangu Skola, dada yake Edmundi. Skola hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka, nikamweleza habari ya cherehani. Nilianza kwa kucheka, nikamalizia kwa kulia. Kwa kweli niliipenda baiskeli ile.

"Ukiwa mteremkoni unaishikaje?" akauliza.

"Usukani, hivi."

Akanitazama mikono, akaondoa vyombo.

Kulipokucha nilimkuta anafunga kiroba kizima cha maharage kwenye karia, anakaza mpira kwa goti. "Mpelekee Mzee Hamisi. Baiskeli haitoki kwangu tupu, wifi. Majirani watasema nini?"

Ningebisha vipi? Nilikanyaga pedali nikivuta pumzi kwa shida mpaka Malagarasi, nikavuka daraja, na jua lilipoanza kulegea nikawa juu ya mteremko wa Kitahana. Nikaliona jiwe lile lililoniangusha, liko pale pale. Nikashuka kwenye tandiko kama kawaida yangu.

Hatua chache tu, kiroba kikaanza kusukuma. Baiskeli ikanivuta, ndala zikateleza kwenye changarawe, mikono ikaniuma. Jamani! Nikaona waziwazi kwamba kwa miguu tutafika chini mimi na maharage tumelaliana. Nikaikaza breki, nikapumzika, nikajiambia: panda, mama, hakuna njia nyingine.

Nikapanda. Uzito wa nyuma ukalibana gurudumu chini, nami nikarudisha kiuno nyuma, karibu nikikalie kiroba. Siku ile nilipoanguka nilikuwa nimelikodolea jiwe macho na kukaba breki ya mbele. Safari hii nilitazama mbali, kwenye mgomba ulio kwenye kona, nikaminya breki ya nyuma kidogo kidogo. Jiwe likapita kushotoni. Nilipofika bondeni nilikuwa napiga kelele peke yangu, machozi na vumbi usoni.

Kibondo, Mzee Hamisi alikuwa ameshaifuta cherehani na kuiweka barazani.

"Karibu bibie. Umeileta?"

"Nisamehe, mzee wangu. Nimeushuka mteremko. Siitoi tena."

Akanitazama, akacheka. "Na huu mzigo?"

"Maharage yako, kutoka kwa Skola."

"Maharage? Mimi si nayauza hapa dukani?"

Kesho yake alinifungia chumvi na sabuni za kumpelekea Skola, maana naye hakutaka nitoke tupu.

Wakati wa kurudi, Nyakitonto, nilimbana wifi yangu. Hakukataa.

"Uliposema unaishika usukani, nikajua mzigo mkubwa hutauweza kwa miguu."

"Na ningeanguka tena?"

"Ungeanguka, ningekuuguza. Lakini kugawa kitu huku unakililia, hapana, wifi."

Nilifika nyumbani Kasulu mchana, Edmundi yuko mlangoni. Akatazama karia, akatazama mikono yangu. "Cherehani iko wapi?"

Nilikokota baiskeli mpaka juu ya kilima nyuma ya nyumba yetu, nikakaa kwenye tandiko, nikakishuka chote mbele ya macho yake. Nilichojifunza safari ile ni kwamba woga wangu haukutaka maneno ya kuutuliza, ulitaka mzigo wa kuukalia.

Edmundi akaja akaipapasa karia. "Hii inaweza kunibeba?"

"Panda," nikamwambia. "Kaa nyuma kabisa, na jiwe usilitazame."