Upande wa Marehemu

Sista wa dirisha la kuuzia mishumaa, hapa kanisani kwenye monasteri yetu, hatulii. Akikosa mtu wa kuhudumia hukwangua nta mezani kwa ukucha, akimaliza hupanga upya mishumaa aliyokwisha kuipanga. Ndiye anayepokea karatasi za majina ambayo padre atayasoma madhabahuni: kushoto walio hai, kulia marehemu. Huzisoma zote, na hamwachii mtu. “Bibi Veta, mumeo si yule nje anafunga farasi? Mbona umeshamzika?” “Mwache akae huko kidogo, Sista, ashike adabu!”

Sikukuu ya Mama wa Mungu alikuja mama mzazi wa Sista, ambaye hajamsemesha tangu binti avae nguo nyeusi za utawa, mwaka wa tisa huu. Nilikuwa kando yao nikifunga mishumaa. Mama akasukuma karatasi. Upande wa marehemu, chini ya jina la mumewe, alikuwa ameandika lile alilombatiza binti, jina la kabla ya utawa, ambalo humu ndani hatulitaji.

“Mama, umekosea upande.”

“Sijakosea. Nilizaa mmoja, mkamchukua.”

Sista akaifuta meza iliyo kavu, akaifuta tena. Kisha akashika kalamu, akalikata jina lake na kuliandika kushoto kwa herufi kubwa, vidole vimetulia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mama akaitazama karatasi, halafu akainama amwone vizuri dirishani.

“Umekonda,” akasema. “Humu hawakupi chakula?”