Vikato Vitatu kwenye Gasketi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, hata mumewe. Jina lilitokana na kazi yake: suruali ikitoka mikononi mwake, pindo halifumuki mpaka mwenye suruali achakae kwanza. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita, akishonea chumba cha nyuma. Chumba cha mbele mumewe alikuwa kinyozi, mtu mpole asiyependa ugomvi. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na pazia tu, kwa hiyo neno lolote lililosemwa upande mmoja lilifika upande wa pili likiwa bado la moto.

Pikipiki ilikuwa ya Mama Pindo. Aliinunua baada ya kuchoka kubeba marobota ya sare za shule kichwani. Alijifunza kuiendesha akiwa na miaka arobaini na minane, akaanguka mara mbili, ya pili juu ya meza ya muuza nyanya, na hakuacha.

Siku moja klachi ikaanza kuteleza. Akaipeleka kwa Spana, fundi pikipiki aliyefanyia kazi chini ya mabati, ukuta mmoja na duka la spea la shemeji yake. Spana alibadilisha sahani za klachi na pikipiki ikapata nguvu. Ila siku ya tatu oili ikaanza kuvuja ubavuni mwa injini, tone baada ya tone, juu ya kiatu cha kulia cha Mama Pindo.

"Shikamoo, mama," Spana alimpokea.

"Marahaba. Umenitengenezea klachi, umeniharibia kiatu."

"Aah, hiyo ni gasketi tu. Ile karatasi inayokaa kati ya injini na kava. Nenda hapo kwa shemeji uchukue mpya, uniachie, jioni uje."

Alikwenda akanunua. Ilikuwa karatasi ngumu ya kijani iliyokatwa kufuata umbo la kava, na matundu ya bolti kuizunguka. Mama Pindo aliigeuza geuza akaipenda, maana ilikuwa kama karatasi anazokatia kola. Kwa mazoea ya ufundi akatoa mkasi mdogo pochini, akakata kikato kidogo kama jino la panya kwenye ukingo wa juu, mahali pasipodhuru kitu. Ndivyo alivyofanya kwa kila kitambaa, ili upande wa juu usipotee. Akamkabidhi Spana, ambaye hakuitazama mara mbili.

Wiki mbili baadaye, kiatu kikalowa tena.

"Unapiga kiki kwa hasira, mama," Spana alisema akijikuna shingo. "Gasketi haipendi hasira. Chukua nyingine."

Shemeji mtu alitungua gasketi kwenye msumari, akaipangusa vumbi, akampa. Mama Pindo alipoiinua kwenye mwanga, alikiona kikato chake mwenyewe kinamchekea.

Kumbe Spana alikuwa akiirudisha ile ya zamani kwenye injini, akiisiliba gundi, na hii mpya inarudi dukani kupitia mlango wa nyuma! Mwingine angepiga kelele mpaka watu wajae. Mama Pindo hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa kupima kwanza ndipo akate. Akailipia gasketi yake mwenyewe, akakata kikato cha pili kando ya kile cha kwanza, akampelekea Spana na kumpa kwa mikono miwili.

"Nifungie vizuri, mwanangu."

"Hii mama, mpaka wajukuu zako wataiendesha!"

Wajukuu hawakupata nafasi. Baada ya siku kumi oili ilivuja. Mama Pindo akaenda dukani mbio, kama mtu anayewahi habari, na msumarini alikuta gasketi ya vikato viwili ikimsubiri. Akailipia tena, akaikata kikato cha tatu. Safari hii hakuipeleka kwa Spana. Aliitia pochini akaenda nayo nyumbani.

Jumapili mchana aliazima spana kwa jirani, akaegesha pikipiki uani. Mumewe aliambiwa ashike beseni la oili.

"Unajua unachofanya?" mumewe aliuliza, ameshika beseni mbali na shati lake.

"Nguo huifumua kabla ya kuirekebisha. Hii nayo ni nguo ya chuma."

Kila bolti aliyoitoa aliichomeka kwenye boksi alilolichora umbo la kava, ili fupi isije ikaingia mahali pa ndefu. Kava lilipotoka, ile gasketi ya zamani ilionekana: imekauka, imechanika mara mbili, imepakwa gundi kama keki ya harusi. Aliibandua akaiweka kando, kisha akakwangua mabaki taratibu kwa kisu butu na mafuta ya taa, hasira zote ameziweka pembeni, mpaka chuma kikawa kisafi. Akaweka ile ya vikato vitatu, akakaza bolti kidogo kidogo, huku mara moja na kule mara moja, akamimina oili mpya. Mumewe alitandika gazeti chini ya injini. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu, akalisoma.

"Basi, yameisha," mumewe alisema.

"Yangeisha," alijibu Mama Pindo.

Maana Jumatatu ile ile Spana alipita pazia na suruali ya suti mkononi. Alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa wazazi shuleni kwa binti yake, na Ijumaa angehutubia. Zipu ilikuwa imekufa. Alileta na zipu mpya, bado iko kwenye karatasi yake.

"Niachie," Mama Pindo alisema kwa upole. "Jioni uje."

Zipu mpya aliitia kwenye droo. Ile ya zamani aliibana meno kwa koleo, akaipaka nta ya mshumaa, ikapanda na kushuka kama mpya. Suruali akaipiga pasi vizuri sana.

Ijumaa, Spana alisimama mbele ya wazazi, akavuta pumzi, akasema, "Ndugu wazazi wenzangu." Pale pale zipu ikaachia kutoka juu hadi chini. Hotuba yake ilikuwa ukurasa mmoja, na sasa ukurasa huo ulihitajika kwingine. Akalazimika kusema kwa kichwa. Wanasema ilikuwa hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa shuleni pale, na iliyopigiwa makofi zaidi.

Jumamosi asubuhi aliingia kwa Mama Pindo, suruali ya suti mkononi, bila hata kusalimia.

"Mama, hii ni zipu gani?"

"Ni ile ile. Bado nzima."

"Nilikuletea mpya!"

"Na mimi nilikuletea gasketi mpya. Mpaka nikaikata vikato, baba, ili nikutane nayo tena. Nimekutana nayo mara mbili." Akaweka mezani ile ya zamani, na gundi yake yote. "Yako hii hapa. Yangu nimeifunga mwenyewe."

Chumba cha mbele, mashine ya kunyolea ikazimwa ghafla.

Spana aliitazama ile gasketi. Akaketi kwenye kiti cha wateja. Alipotaka kuegemea, mkono wake ukagusa mto. Akauvuta mapajani. Ulikuwa wa kijivu, wenye mistari myembamba ya buluu. Akaitazama suruali yake, kisha mto, kisha suruali.

"Mama Pindo," alisema polepole, "wakati unanishonea hii suti uliniambia kitambaa kimetosha kwa shida."

Mama Pindo akatafuta sindano ambayo haikuwa imepotea.

"Na ule mto mwingine wa maua? Si gauni la mke wangu ule?"

Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya mumewe, ya upole kama kawaida: "Nyani haoni kundule."

Wa kwanza kucheka alikuwa mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Kisha Spana. Mama Pindo alijikaza kadiri alivyoweza, akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa futi yake ya kupimia.

Tangu siku hiyo Spana akifungua injini humkabidhi mteja gasketi ya zamani mkononi, imefungwa kwenye gazeti, na shemeji yake amenuna hadi leo. Kwa pikipiki kuukuu zisizopatikana spea, Spana humpelekea Mama Pindo kava, naye huzikatia gasketi kwa mkasi, hazivuji. Mke wa Spana alikuja kuchukua mito yake miwili, akaigeuza, akakiri kwamba mshono ni mzuri.

Mama Pindo naye alitangaza sheria mpya: mabaki ya kitambaa ni ya mteja, isipokuwa kipande kidogo kuliko kiganja cha fundi. Wateja wanasema tangu atangaze, kiganja chake kimeanza kukua.