Vitambaa Vyekundu vya Mutheu

Kaluki aliacha kuniitikia salamu mwaka wa tisini na sita, na mimi sijasahau. Nilimkuta kisimani nikamwambia, "Wakya?" Sasa mtu mkubwa akikuambia wakya, hata kama umetoka kuzika, unajibu "Aa." Kaluki aliweka jerikeni yake mgongoni akanipita kama mimi ni mti. Tena mti imekauka, haina hata kivuli. Na huyu ndiye mwanamke nilimzalisha mtoto wake wa kwanza, kitovu nikakata na mkono yangu hii.

Makosa yangu ilikuwa gani? Kuzaa Mutheu, na Mutheu akasoma.

Baba yake, Muindi, alikuwa utingo wa lori ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Akirudi nyumbani alikuwa anampa Mutheu leso yake ya mfukoni afue. Maji ilikuwa inatoka nyeusi kama ya kuosha sufuria.

"Mwaitu," akaniuliza siku moja, vile kwetu tunaita mama, "hii nyeusi inatoka wapi?"

"Inatoka Nairobi," nikamwambia. "Fua unyamaze."

Alifua, lakini hakunyamaza. Muindi alikufa na kikohozi, na huyo mtoto akaendelea kuuliza hiyo swali mpaka yunivasiti. Mimi nilijua anaenda kuwa daktari wa sindano. Akaja likizo akaniambia anasomea mazingira, na anataka kufanya risachi ya vile mji inaweza kujengwa isitoe moshi mingi.

"Kwani mji ni jiko?" nikauliza.

"Ni jiko kubwa, mwaitu."

"Na dawa yake ni gani?"

"Mji ikiwa bado mdogo, ipangwe vizuri. Mtu afikie soko, shule na dispensari na miguu yake, asitafute gari."

Nilishtuka nikakaa chini. "Mutheu, umekaa huko miaka yote kusomea kutembea? Si ungeniuliza mimi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeuza ng'ombe yangu mzuri juu ya hiyo kutembea.

Basi ile tisini na sita akaja kufanya hiyo risachi hapa kwetu, kando ya hii barabara ya kutoka Mitaboni kwenda Machakos. Soko yetu ilikuwa chini kwa mikuyu, karibu na kila mtu. Akatembea na wamama wa mwethya yetu hiyo njia yao ya miguu mpaka soko. Mwethya ni hivi: leo tunachimba kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Hizo mitaro zote za kushika udongo unaona kwa hizi milima ni mikono ya wamama. Mutheu alibeba kikapu ya kyondo kama wao, na mahali wanatua mzigo kupumzika, anafunga kitambaa nyekundu kwa tawi.

"Wee Mutheu," Kaluki akamwambia, "unatutia alama kama mbuzi ya kupelekwa kuchinjwa Kariobangi?"

"Hapana, mama. Nataka niambie watu wa kaunsili hii njia isiguswe, na hapa mnapumzika wapande miti."

"Watupandie na mabwana, wetu wameisha!"

Walicheka. Walimpenda huyo mtoto, nataka mjue hivyo. Ndio maana sikuelewa ile kitu ilikuja.

Kabla hata mahindi itoe maua, watu wa kupima mashamba walikuja na bikon zao, zile nguzo za mpaka. Na kwa kila bikon, kitambaa. Nyekundu. Ile njia ya miguu ikafungwa, soko ikatolewa kwa mikuyu ikapelekwa juu kabisa kando ya lami. Mwanamke na nyanya yake mgongoni anapanda kilima mpaka anaona nyota mchana, ama apande gari, na gari inataka faida yote.

Wamama wakaenda kwa diwani wetu, Onesmus. Huyo mtu alikuwa anatembea na kijiti kwa meno hata kama hajakula.

"Mnaniuliza mimi?" akasema. "Ulizeni msichana wa Syombua. Si ndiye alikuwa anapima njia yenu? Watu walifuata vitambaa zake tu."

Syombua ndiye mimi.

Wakaamini. Wangekosaje kuamini, na kitambaa ni ile ile nyekundu? Mutheu alienda kwa kila mlango kujieleza. Akawaambia alienda kwa ofisi ya Onesmus kumpinga, akafukuzwa. Hakuna mtu alimpa hata kiti. Kaluki alisimama mbele ya mwethya akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa Syombua hatuchimbi tena."

Wakanitoa. Mimi, ambaye nilianza hiyo mwethya wakati Kaluki alikuwa bado anachezea majivu!

Mwaka uliofuata El Nino ikaja. Wale mlikuwepo mnajua. Mvua ilipasua mitaro yangu moja baada ya ingine, na mimi nimesimama kwa mlango naona udongo yangu inaenda mtoni kama uji. Nikapiga nduru. Nikapiga tena. Unajua nilisikia nini? Nyimbo. Walikuwa ng'ambo ya mto, kwa Kaluki, wanazibia yeye mitaro yake, wanaimba. Nduru yangu walisikia, na wakaongeza sauti.

Mutheu alikuja tukachimba sisi wawili. Mikono yake ya kalamu ikatoka malengelenge.

"Mwaitu, watajua ukweli," akasema.

"Lini? Nikiwa chini ya hiyo udongo?"

Alienda ng'ambo, nchi ya watu wa baiskeli, akarudi daktari wa vitabu. Akafanya kazi Nairobi, wanamtuma kwa miji midogo midogo, anawaambia wapi soko ikae, wapi njia ya miguu ipite. Huko kote wanamsikiza. Hapa kwao, alikuwa mtoto wa nyoka. Na ile shamba yangu ya chini ilibaki makorongo, mbuzi ikiingia haitoki.

Halafu mwaka wa elfu mbili na tano, chifu akaita baraza. Projekti imekuja ya kupanga mji yetu isiwe ya moshi, na nani ametumwa? Mutheu. Kijiji yote ikatoka. Kaluki na watu wake wakakaa kwa nyasi na leso zao za kufanana. Mimi nilienda na stuli yangu, nikakaa nikiwapa mgongo.

Onesmus hakuwa diwani tena, walikuwa wamemwangusha. Lakini aliposikia projekti, akakuja na suti na kijiti yake kwa meno. Akaomba kuongea.

"Huyu daktari ni rafiki yangu wa zamani!" akaanza. "Nyinyi mnajua nani aliwaletea soko hapa kwa lami? Ni mimi! Peke yangu! Hata huyu alikuja kwa ofisi yangu, kasichana, analia wamama waachiwe njia yao. Nikamfukuza, nikamwambia aende aolewe! Na bikon zilikuwa kwa stoo yangu kitambo, kabla yeye kufunga kitambaa hata moja. Bila mimi mngekuwa bado huko chini kwa matope!"

Akangoja makofi.

Miaka yote hiyo nimebeba hii kitu kifuani, na huyu mtu anaitema kama mbegu ya chungwa.

Kaluki akasimama polepole. "Onesmus. Rudia."

Na yule mjinga alifikiri anasifiwa. Akarudia! Na sauti kubwa zaidi!

"Kwa hivyo si Mutheu alileta bikon?" Kaluki akauliza.

"Mutheu? Huyo alikuwa mtoto, angeweza nini?"

Kaluki alikaa chini. Hakuna mtu alipiga makofi. Mutheu hakumwangalia Onesmus hata kidogo. Aliangalia wale wamama, akasema, "Mama zangu, ile njia bado tunaweza kuitafuta. Kesho kutwa mnionyeshe tena mahali mlikuwa mnapumzika."

Kesho yake asubuhi nikasikia chuma kwa mawe. Nikatoka. Mwethya yote ilikuwa kwa shamba yangu ya chini, wanatupa udongo juu, hakuna mtu amewaita. Hawakuwa wanaimba. Kaluki akasimamisha jembe akaniangalia, anangoja nimwambie wakya. Nikamwangalia. Nikarudi kwa nyumba.

Lakini mwethya ikichimba kwako, lazima upike, hata kama ni shetani amekuchimbia. Nikapika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, sufuria kubwa. Chumvi sikutia.

Kaluki alionja, akameza na shida. "Mama Mutheu, hii haina chumvi."

"Chumvi iko soko," nikamwambia. "Huko juu. Anza kutembea."

Kaluki akainamisha kichwa, akala. Akamaliza, akafuta sahani na kidole, akanyosha niongeze. Nikaongeza. Nikamwacha ajaze mdomo kwanza.

"Kaluki. Wakya?"

"Aa," akajibu, na muthokoi inamtoka mdomoni.

"Basi maliza," nikasema. "Mtaro wa mwisho bado."